Kuni za Kambini

Katika majimbo ya Michigan, Wisconsin na Minnesota, nchini Marekani, mna maziwa maelfu, na wakati wa joto jamaa nyingi huenda kupiga hema kandokando yake. Twaweza kudhani ya kuwa la kuogopwa huko ni mvua, au mbu, ambao kweli ni wengi. Lakini tutazame mzigo wa kuni. Mwaka 2002 alionekana Michigan mdudu mdogo wa kijani, asili yake Asia. Hutaga mayai katika nyufa za gome la mti uitwao Fraxinus, ulio wa jamii ya mzeituni. Na mabuu yake hula chini ya gome, yakikata njia za maji na chakula, hata mti ukauka katika miaka michache. Miti mamilioni imekufa hivyo. Mdudu mwenyewe haruki mbali. Kuni zilizopakiwa garini ndizo zimpelekazo safari ndefu, na gogo lenye mabuu huenda likaonekana zima kabisa. Kwa hiyo apigaye hema yampasa anunue kuni karibu na kambi, aziteketeze papo hapo, na zilizosalia asirudi nazo nyumbani, ijapokuwa amezilipia.