Kipanya Kinachosinzia

Jioni moja huko Buyenzi nilikuwa nikipiga chapa barua ya mjomba ya kuomba kazi, nayo ilitakiwa asubuhi yake. Kila nilipokiacha kipanya kitambo kidogo, mshale uligoma mpaka nibonyeze kitufe. Mjomba akasema kimekufa. Nikakichomeka katika kompyuta ya jirani, kikaenda vizuri! Basi kosa halikuwa lake. Linux, ili kuokoa umeme, huweza kukilaza chombo cha USB kisichotumika. Katika /sys/bus/usb/devices, ndani ya folda ya kipanya, mna faili power/control. Kwa ruhusa ya msimamizi nikaondoa neno auto, nikaandika on. (Ukizima kompyuta, badiliko hilo hupotea, la kudumu huandikwa katika kanuni za udev.) Barua tukaimaliza saa nne usiku.