Somo: Viza Ni Hodi, Muhuri Ndio Karibu



Wengi waliowahi kuishi Nakivale, kisha wakahamishiwa Marekani, Kanada au Australia, sasa hurejea na pasipoti za huko kuwaona wazazi wao. Hao ni wageni mbele ya sheria. Baadhi yao hutuuliza: “Afande, viza yangu ni ya siku 90, mbona naambiwa nimepitisha muda?”

Jibu ni hili: viza ni hodi, muhuri ndio karibu. Viza humwezesha mgeni kufika mpakani. Siku za kukaa nchini ni zile alizoandika afisa wa uhamiaji kwenye muhuri wa kuingilia, nazo huweza kuwa chache kuliko za viza.

Tuchukue mfano. Mama ameingia kupitia Mutukula tarehe 3 Juni kumuuguza mzazi wake, akapewa siku 30. Mgonjwa hajapona. Mama huyu asingoje Julai. Afanye yafuatayo mapema:

1. Asome muhuri palepale dirishani. Zikiwa siku hazitoshi, aeleze haja yake kabla ya kuondoka.

2. Apeleke ombi la kuongezewa muda kabla siku hazijaisha, kupitia tovuti ya Kurugenzi ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji. Aambatishe nakala ya ukurasa wa picha, nakala ya muhuri, na barua ya kueleza sababu. Barua ya mwenyeji na ya hospitali humsaidia. Akikwama, aende ofisi ya uhamiaji iliyoko Mbarara.

3. Asimkabidhi dalali pasipoti wala fedha. Malipo ya serikali hulipwa kwa namba maalumu ya malipo, wala hayalipwi mkononi.

4. Pasipoti ikipotea, aripoti mara moja kituo cha polisi kilicho karibu, apate hati ya kuthibitisha upotevu.

Raia wa Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi huingia bila viza, kwa pasi ya mgeni isiyolipiwa, ya hadi miezi 6. Nao pia wahesabu siku walizoandikiwa.

Mtu anayeogopa kurudi kwao kwa sababu ya hatari, njia yake si viza. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamtaka aombe hifadhi ndani ya siku 30 tangu kuingia, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu.

Polisi hatuongezi siku. Hiyo ni kazi ya uhamiaji. Hata hivyo jambo hili linatugusa. Aliyepitisha muda hukabiliwa na faini au kuondolewa nchini. Kwa hofu hiyo hujificha, na akiibiwa au kupigwa haji kituoni. Mhalifu hulijua hilo na hulitumia.

Mwenyeji, leo mgeni wako akila chakula cha jioni, mwombe pasipoti, someni muhuri pamoja, mkaitie alama tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani.