Kutoharisha Sakafu: Somo Nililolipata Nyundo Baada ya Mafuriko



Katika darsa zetu za tohara hapa chuoni, mlango wa kuondoa najisi huwa tunaupita mbio. Tunakariri aina tatu za najisi, tunakariri kullatayni, tunajibu mtihani, basi. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliofaulu vizuri somo hilo. Kisha ukaja usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ukaingia nyumbani kwa shangazi yangu Nyundo, nami nikagundua kwamba sijui hata namna ya kupiga deki.

Wengi wenu mnakumbuka usiku ule. Mvua ilinyesha Magharibi na Kaskazini mwa Rwanda, milima ikaporomoka, na watu zaidi ya 130 wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu na azipe subira familia zao. Sebeya hushuka kutoka milima ya upande wa Gishwati na kupita Nyundo kabla ya kuingia Ziwa Kivu. Nyumba ya shangazi haikuanguka, alhamdulillahi, lakini maji yalifika magotini na yalipopungua yaliacha tope zito la rangi ya kahawa kila chumba. Nilifika siku ya tatu. Nilimkuta shangazi ameketi nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, na jambo la kwanza aliloniambia baada ya salamu halikuhusu vyombo wala godoro. Alisema, "Mwanangu, tangu siku ile naswali kwa majirani. Banda la nguruwe la huko juu limesombwa lote. Humu ndani nitaswali vipi tena?"

Nyundo ni makao ya askofu wa Kikatoliki, na Waislamu wa pale tunahesabika kwa vidole. Kufuga nguruwe ni jambo la kawaida. Kwa hiyo swali lake halikuwa la waswasi mtupu. Nilianza kumjibu, nikababaika, nikampigia simu ustadhi wangu wa madrasa mjini Gisenyi.

Jibu lake nalieleza hapa kama nilivyolielewa, kwa madhehebu ya Imam Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata. Kwanza, maji yaliyopita mle ndani yalizidi kullatayni mara nyingi mno. Kullatayni ni takriban lita 200, na maji yanayofikia kiasi hicho hayanajisiki mpaka rangi, ladha au harufu yake ibadilishwe na najisi yenyewe. Sebeya ilibadilika rangi, lakini iliyoibadilisha ni tope, na tope ni udongo, na udongo asili yake ni tohara. Pili, je, tuna yakini kwamba kinyesi cha nguruwe kiliingia chumba kile? Hatuna. Yakini haiondolewi kwa shaka. Tatu, tukikiona kinyesi chenyewe mahali, basi hukumu ni ya mahali hapo tu, si ya nyumba nzima: tukiondoe, kisha tuoshe mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo, kama inavyofanywa kwa mbwa. Akaongeza kwamba Imam Nawawi, ambaye ni nguzo ya madhehebu haya, aliona kwa upande wa dalili kuwa najisi ya nguruwe kuoshwa mara moja kunatosha.

Kisha akacheka kidogo kwenye simu. Akasema wanachuoni wa zamani walipofika kwenye suala la udongo, walitaja maji ya mto Nile siku za kufurika kwake: maji yenye tope kiasi kile yanatosha, huhitaji kuongeza udongo mwingine. Na kama sakafu yenyewe ni ya udongo, hapo hata hilo halihitajiki. (Sebeya haiendi Nile, inaishia Kivu na hatimaye bonde la Kongo, lakini tope ni tope.)

Shangazi aliposikia hayo alilia. Jioni ile tulikwangua tope sebuleni, tukamwaga maji, tukatandika mkeka safi, akaswali magharibi nyumbani kwake.

Sasa naomba tutulie hapa, kwa sababu ndipo nilipokosea. Nilidhani kwamba kama mahali ni tohara, basi kazi imekwisha. Tohara na usafi ni ndugu, lakini si mtu mmoja. Vyoo vya shimo vilikuwa vimefurika kijiji kizima, na vijidudu vya kuharisha havisomi fiqhi. Sakafu inaweza kuwa tohara kwa swala na bado ikamuumiza mtoto anayetambaa. Na kinyume chake: unaweza kung'arisha vigae mpaka ukajiona usoni, na bado pakawa na najisi.

Mfano wa hilo la pili uko katika ndoo yetu ya kila siku. Mtoto amekojoa sakafuni. Unachukua ndoo moja ya maji yenye sabuni, unachovya tambara, unafuta mkojo, unachovya tena, unakamua, unafuta. Huku kwetu tunaita gukoropa, na ndivyo karibu sote tulivyofundishwa. Maji ya ndoo ni machache, hayafiki kullatayni. Tambara lenye mkojo likiingia mle, maji yote yamenajisika kwa madhehebu yetu, na unachofanya baada ya hapo ni kuisambaza najisi chumba kizima. Wanachuoni wametofautisha maji yanayoijia najisi na najisi inayotumbukizwa ndani ya maji machache. Maji yakimwagwa juu yake, huishinda. Ikitumbukizwa ndani yake, huyashinda.

Hadithi ya bedui mnaijua, imepokewa na Abu Huraira na Anas bin Malik, Allah awe radhi nao. Alikojoa katika msikiti wa Mtume (s.a.w.), maswahaba wakamrukia, Mtume akawazuia wamwache amalize, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe juu ya mahali pale. Tunapoisoma huwa tunakaa zaidi kwenye upole wa Mtume, na ni haki yake. Lakini tazameni pia kitendo chenyewe: maji yalimwagwa, hayakufutwa kwa kitambaa. Sakafu ya msikiti ule ilikuwa ardhi tupu, ikayanywa.

Nilimweleza hayo jirani wa shangazi, mama Mkatoliki aliyekuwa akitusaidia kukwangua. Alikuwa amewahi kufanya usafi hospitalini. Akaniambia kule walikuwa na ndoo mbili, moja ya maji safi na nyingine ya kusuuzia tambara chafu, na kwamba kuchovya tambara chafu katika maji safi lilikuwa kosa kubwa. Sikuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo utaratibu tuliofuata ni huu. Ondoa kitu chenyewe kwanza, kikavu kwa ufagio au koleo, kioevu kwa tambara au karatasi ya kutupwa. Kisha mwaga maji safi yaenee mahali pote yalipofika. Yasukume nje au yakaushe kwa kitambaa kingine. Baada ya hapo ndipo sabuni na manukato unayopenda. Mkojo wa mtoto mchanga wa kiume ambaye hajala chakula zaidi ya maziwa una wepesi wake, unanyunyiziwa maji tu.

Nyumba ya shangazi ina sakafu za namna tatu, na kila moja ilitaka ujuzi wake.

Chumba cha kulala ni udongo ulioshindiliwa. Desturi ya mashambani ni kupaka sakafu kama hiyo samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na maji, ili vumbi litulie na funza wasipate pa kukaa, maana funza hupenda vumbi kavu. Kwa Imam Shafi samadi ni najisi. Kwa Maliki na Hanbali, kinyesi cha mnyama anayeliwa nyama ni tohara. Msiende kuwagombeza bibi zenu. Tandika mkeka au mswala safi juu ya sakafu iliyokauka, swala inasihi. Udongo ukiingiwa na najisi ngumu, chimba uutoe, uweke udongo mwingine; ikiwa ni kioevu, fuata ndoo ya bedui. Wahanafi wanasema ardhi ikikauka na athari ya najisi ikatoweka imetoharika kwa swala, ingawa si kwa kutayamamu.

Baada ya mafuriko usikimbilie kupaka chochote juu ya udongo uliolowa. Tuliacha milango wazi zaidi ya wiki mbili. Aliye na uwezo kidogo na asiyemudu simenti anaweza kutazama sakafu zinazojengwa na EarthEnable, kampuni iliyoanzia hapa Rwanda: changarawe, mchanga na udongo vinashindiliwa kwa tabaka, kisha juu hupakwa mafuta ya mmea yanayokauka na kuwa kama varnishi. Unamwaga maji, unafuta. Faida ya sakafu inayooshika si ya macho tu. Huko Meksiko serikali iliwawekea maskini sakafu za simenti katika mpango ulioitwa Piso Firme, na watafiti waliofuatilia waliona minyoo ya watoto ikipungua sana, na kuharisha pia.

Sebule ni simenti iliyopakwa nta nyekundu. Hapa adui mkubwa ni mchanga mweusi wa volkano tunaoingia nao miguuni. Ni mkali kama msasa. Ukiuburuza kwa tambara bichi unaikwaruza nta na simenti pamoja. Fagia kwanza, nyunyiza maji kidogo vumbi lisiruke, ndipo upige deki. Simenti ya shangazi ilikuwa na nyufa tangu matetemeko yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021, na ndani ya nyufa ndimo tope lilimojificha na kunuka. Tulizipanua kidogo kwa patasi, tukazisugua kwa brashi, tukalowesha, tukajaza mchanga laini na simenti. Nta mpya ilisubiri mpaka sakafu ikakauka kabisa, la sivyo unyevu unafungiwa chini na nta inabanduka. Wanaochemsha mishumaa na mafuta ya taa ili kutengeneza nta ya nyumbani, tafadhali: yeyusha mishumaa, iepue, ipeleke nje mbali na moto, ndipo uongeze mafuta.

Zulia lililolowa tope siku tatu tulilitupa. Iliniuma, lilikuwa zawadi ya harusi yake. Ukungu huanza ndani ya siku moja au mbili, na ukishaingia kwenye nyuzi hautoki. Lililolowa kwa muda mfupi linaokoka: litundike lichuruzike, limwagie maji mengi kutoka juu mpaka yatoke meupe, lianike juani pande zote mbili.

Imebaki bafu, yenye makaro meupe. Hili ningependa kulificha, lakini ndilo lililonifanya niandike.

Nilitaka limeremete kabla sijarudi chuoni. Nikamwaga dawa ya klorini sakafuni bila kuipima. Makaro yalikuwa na madoa ya kutu, na pembeni palikuwa na chupa ya asidi ya kusafishia choo. Nikaimwaga juu ya klorini. Harufu ilinipiga ghafla, macho yakawaka, nikatoka nje. Shangazi, ambaye alidhani nimeanguka, akaingia kunitafuta. Alikohoa mpaka akapiga magoti. Yule jirani ndiye aliyemvuta nje na kumkalisha kwenye upepo, na tukampeleka kituo cha afya. Alirudi usiku, lakini kifua kilimsumbua wiki kadhaa, naye hakuwahi kunilaumu hata kwa neno moja.

Klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu, ileile iliyotumika vitani Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ndimu na siki ni asidi pia. Mkojo una amonia, nayo ikikutana na klorini hutoa sumu nyingine. Ndiyo maana ile ndoo ya maji itangulie daima. Dawa ya klorini haifanyi kazi vizuri juu ya tope, kwa hiyo sabuni na maji kwanza. Kisha pima. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji kinakupa nusu ya asilimia, kiasi cha mahali palipoguswa na kinyesi au damu. Kwa sakafu ya kawaida, kikombe kimoja kwa vikombe 34 kinatosha. Iache dakika kumi, suuza, fungua dirisha. Changanya upya kila siku, kwani nguvu yake hupungua ikikaa. Asidi hata peke yake hula simenti iliyo katikati ya makaro, na hula marumaru. Kwa kutu tumia brashi na subira.

Katika mabweni yetu chumba cha kuswalia kina zulia moja, ndoo moja na tambara moja linalotumika pia kwenye ngazi za choo. Nimeshanunua ndoo ya pili, ya buluu. Iko nyuma ya mlango, na tambara lake limefungwa uzi mweupe. Anayepanga zamu za usafi anitafute baada ya swala ya Ijumaa tugawane siku.

Wallahu aalam.