Betri na Kumbukumbu katika Mashine ya Defender

Defender ni mashine ya mchezo wa video iliyoundwa na kampuni ya Williams ya Chicago, Marekani, na kuingia sokoni mwaka 1981. Ni kabati refu la mbao lenye kioo, vitufe na tundu la kutumbukizia sarafu. Mashine kadhaa za aina hiyo zingali hai mikononi mwa watu wanaozitunza. Zinapogoma, fundi hujikuta mara kwa mara akishughulika na mambo mawili: betri na kumbukumbu. Mambo haya hutibiwa kama magonjwa mawili tofauti, ilhali mzizi wake ni mmoja. Ili kuuona, yafaa kuanza na kumbukumbu yenyewe.

Kumbukumbu ya kompyuta ni mkusanyiko wa sehemu ndogo sana ambazo kila moja ina hali mbili tu, ya umeme kuwepo au kutokuwepo. Hali hizo huandikwa 1 na 0. Sehemu moja ya namna hiyo huitwa biti, na biti nane kwa pamoja huitwa baiti. Chochote mashine inachokijua, iwe ni rangi ya nukta moja kwenye kioo au alama za mchezaji bora, kimeandikwa kwa biti.

Ndani ya Defender mna kumbukumbu za aina tatu. Ya kwanza ni kumbukumbu ya kudumu, inayobeba programu ya mchezo. Hii huandikwa kiwandani na haifutiki umeme ukikatika, kwa hiyo tutaiacha kando. Ya pili ni kumbukumbu tuli. Kila biti yake hushikiliwa na kundi dogo la transista, yaani swichi za umeme zisizo na sehemu inayosogea. Transista hizo zimeunganishwa kiasi kwamba hali ya upande mmoja huulazimisha upande wa pili ubaki ulivyo, na upande wa pili nao huulazimisha ule wa kwanza. Mzunguko huo hudumu maadamu umeme upo. Ukikatika, hakuna upande unaoushikilia mwingine, na biti hupotea.

Chipu ya kumbukumbu tuli katika Defender ni ya aina ya 5101. Ina biti 1,024 tu. Humo huhifadhiwa alama za juu, bei ya mchezo na hesabu za sarafu, yaani mambo ambayo mwenye mashine hataki yapotee kila anapoizima usiku. Chipu hii hutumia umeme kidogo mno ikiwa imepumzika, na huendelea kukumbuka hata volti zikishuka hadi 2. Ndiyo maana betri ndogo zinatosha kuilinda. Juu ya bodi, yaani ubao unaobeba chipu, Williams waliweka seli tatu za kawaida zenye volti 1.5 kila moja, zikiwa zimepangwa kwa mfuatano, ambazo jumla yake ni volti 4.5.

Kati ya betri na chipu kuna daiodi. Daiodi ni kifaa kinachoruhusu mkondo wa umeme upite upande mmoja tu. Umeme wa betri unaweza kwenda kwenye chipu, lakini umeme wa mashine inapowashwa hauwezi kurudi kwenye betri. Kifaa hiki kidogo kina umuhimu mkubwa kuliko bei yake. Seli za alkali hazikutengenezwa kuchajiwa, na daiodi ikiharibika hadi ikapitisha umeme pande zote mbili, mashine itazichaji kila inapowashwa mpaka zipasuke. Kulikagua hilo ni rahisi: toa betri, washa mashine, kisha pima kwa multimita, yaani kipimo cha umeme, kwenye vishikizo vya betri. Volti zikikaribia 5, daiodi imekufa na ibadilishwe kabla betri mpya hazijawekwa.

Hata daiodi ikiwa nzima, betri zilizosahaulika kwa miaka zitavuja. Ndani ya seli ya alkali mna unga wa zinki, oksaidi ya manganizi, na maji ambamo haidroksaidi ya potasiamu imeyeyushwa. Zinki huendelea kuliwa polepole hata seli isipotumika, na kuliwa huko huzalisha gesi ya haidrojeni. Gesi huongeza shinikizo, kizibo hulegea, na majimaji hutoka. Yakikutana na kaboni dioksidi ya hewani hugeuka ule unga mweupe unaoonekana kwenye ncha za betri za tochi. Yakifika kwenye njia za shaba za bodi, shaba hugeuka kijani au buluu, kisha hukatika.

Watu wengi huamini kuwa majimaji hayo ni asidi, na hivyo huyasafisha kwa magadi. Si asidi. Ni alkali, ambayo ni kinyume chake, na kuongeza magadi ni kuongeza alkali juu ya alkali. Kinachofaa ni asidi hafifu, yaani siki nyeupe au maji ya ndimu. Vaa glavu na miwani, toa betri, kisha sugua sehemu iliyoathirika kwa mswaki uliochovywa katika siki mpaka povu likome. Suuza kwa maji safi, kwa kuwa siki ikiachwa nayo itaila shaba. Malizia kwa spiriti ili maji yatoke, na uiache bodi ikauke kabisa.

Kusafisha si kutengeneza. Majimaji hupenya chini ya rangi ya kijani inayofunika bodi na kupanda kwenye miguu ya chipu na ndani ya soketi, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo kila njia ya shaba iliyo karibu na betri ipimwe kwa multimita kutoka mwanzo hadi mwisho wake, bila kuruka hata moja. Iliyokatika iunganishwe kwa waya mwembamba. Lehemu haishiki kwenye shaba iliyooza, hivyo kwaruza kwanza mpaka shaba ing'ae. Soketi iliyobadilika rangi isihurumiwe, iondolewe. Mwisho, betri mpya zisirudishwe juu ya bodi. Zifungwe kwenye kasha na kupachikwa mbali, kwa waya mrefu, chini ya usawa wa bodi. Wengine huitoa kabisa chipu ya 5101 na kuweka mbadala wa kisasa unaokumbuka bila betri. Kwa mashine itakayokaa bila kutazamwa, hilo ndilo chaguo bora.

Katika Defender, betri ikiisha kinachopotea ni alama na mipangilio, na mchezo huendelea. Si mashine zote zina bahati hiyo. Mwaka 1993 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mfumo wa CPS-2, ambao programu zake zimefichwa kwa fumbo ili zisinakiliwe. Ufunguo wa fumbo hilo huhifadhiwa katika kumbukumbu inayotegemea betri moja ya volti 3.6. Betri ikiisha, ufunguo hufutika, na bodi nzima isiyo na doa lolote haiwezi tena kuisoma programu yake yenyewe. Ni mwaka 2016 tu ndipo wapenzi wa mashine hizo walipotangaza njia ya kuuandika ufunguo upya.

Hadi hapa tumetazama kumbukumbu inayopotea mashine inapozimwa. Aina ya tatu huleta matatizo mashine ikiwa imewashwa. Tuiite kumbukumbu ya kuhuishwa. Biti yake moja ina transista moja na kapasita moja, yaani kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Kapasita hiyo ni ndogo mno, na kama mtungi wenye ufa, huanza kuvuja mara tu inapojazwa. Chipu ya 4116 inayotumika katika Defender hulazimika kusomwa na kujazwa upya yote kila baada ya milisekunde 2, yaani mara 500 kwa sekunde. Chipu hizo ni 24, zikiwa zimepangwa katika safu tatu za chipu nane, na kila chipu katika safu hubeba biti moja ya kila baiti. Jumla ni baiti 49,152. Sehemu kubwa ya hizo ni picha yenyewe inayoonekana kwenye kioo, ndiyo maana chipu moja ikifa mchezo unaweza kujaa mistari ya kusimama au rangi zisizo zake.

Mashine inapowashwa hujikagua: huandika biti katika kila chipu, huzisoma, na zikitofautiana huonyesha namba inayotaja safu na chipu. Hapa ndipo mafundi wengi huharakisha na kuanza kung'oa. Chipu ya 4116 huhitaji volti za aina tatu: chanya 12, chanya 5 na hasi 5. Ile ya hasi 5 ndiyo inayotuliza msingi wa chipu; ikikosekana huku nyingine zipo, chipu huchemka na kuungua, na mpya utakazoweka zitaungua vilevile. Kwa hiyo pima kwanza, moja kwa moja kwenye miguu ya chipu: mguu wa 1 uwe hasi 5, wa 8 chanya 12, wa 9 chanya 5, na wa 16 ndio ardhi. Kuwa mwangalifu ndani ya kabati wakati wa kupima, maana bomba la kioo lina maelfu ya volti. Volti ikipungua, tazama viunganishi vya waya vinavyoleta umeme kwenye bodi, ambavyo kwa miaka yote hii huenda vimeungua na kuwa vyeusi.

Volti zikiwa sawa, washa na kuzima mashine mara kadhaa. Namba ikihamahama, kosa liko kwenye viunganishi au kwenye saketi zinazozielekeza chipu zote kwa pamoja. Namba ikibaki ileile, kata miguu ya chipu iliyotajwa, toa kila mguu peke yake kwa joto la kadiri ili njia za shaba zisibanduke, lehemu soketi mahali pake, kisha chomeka chipu mpya.