USIMLAUMU MAMA SUNGURA



Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mbona basi sungura jike awatafune vitungule wake mwenyewe? (Kitungule, kwa wale waliosinzia siku ya somo la majina ya wana, ni mtoto wa sungura.) Wengi wetu hapa Kitengela tunafuga sungura kwa sababu ploti ni ndogo, ng'ombe hatoshei. Asubuhi mtu anafungua kizimba anakuta mabaki tu, na ile pesa aliyotarajia kununulia vitabu imekwisha. Papo hapo jike anahukumiwa: ati ni mchawi, achinjwe! Katika somo hili nitaonyesha kwamba mara nyingi kosa si la jike. Ni letu sisi tunaomfuga.

1. UGOMVI
Jike hulinda makao yake. Ukimwingiza dume katika kizimba cha jike, ataparurwa na kung'atwa. Kwa hivyo jike ndiye apelekwaye kwa dume, kamwe si kinyume. Usiende zako, simama uangalie. Wakipigana, mtoe jike ujaribu siku nyingine. Dume akishampanda, mrudishe kwake. Madume wawili wazima nao hawakai pamoja, kwani huumana vibaya hata kuhasiana. Wachanga watenganishe, madume kando na majike kando, kabla hawajapita miezi 3. Kila mkubwa awe na kizimba chake.

2. KABLA YA KUZAA
Mimba ya sungura ni siku 31 hivi. Andika tarehe ya kupandishwa, hata kwa chaki mlangoni. Usipoandika, jike atazalia juu ya wavu, na vitungule huzaliwa bila manyoya, macho yamefumba. Baridi itawamaliza. Siku ya 28 mwekee sanduku lenye nyasi kavu; yeye mwenyewe atang'oa manyoya yake atandike. Hapa kwetu ni uwanda wazi, upepo hauna kizuizi, kwa hivyo ziba upande unakotoka upepo.

3. KWA NINI AWALE?
(a) Kiu. Jike akizaa hula kondo la nyuma, na akiwa na kiu kali anaweza kuendelea hadi kwa wana. Najua maji ya Kitengela hununuliwa kwa mtungi, lakini hapa usibane. Maji yawepo mchana na usiku.
(b) Hofu. Mbwa akibweka chini ya kizimba, au darasa zima likija kuchungulia, jike huchachawa, akawakanyaga wana au akawala. Wageni wangoje!
(c) Njaa. Mwenye mimba na anayenyonyesha hawatoshelezwi na majani matupu. Mwongeze chakula cha dukani.
(d) Ugeni wa uzazi. Wa mara ya kwanza huenda hajui la kufanya. Mpe nafasi nyingine. Akirudia mara ya pili na ya tatu, ilhali maji, chakula na utulivu vipo, hapo mwondoe katika uzalishaji.

Tena chunguza kabla ya kuhukumu. Pengine kitungule alikufa kwa baridi, mama akala mzoga tu. Pengine mwizi ni panya, paka au siafu. Tumia wavu wenye matundu madogo, na miguu ya kizimba isimamishe katika mikebe yenye oili chafu.

4. BAADA YA KUZAA
Kagua mara moja kwa siku, mama akiwa kando. Nawa mikono, isugue kwa nyasi za sanduku lile, kisha hesabu wana na utoe waliokufa. Usishangae kutomwona mama akinyonyesha: yeye hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, hasa gizani. Tazama matumbo. Tumbo la mviringo, ameshiba. Likikunjamana, ana njaa.

Dawa ya njaa hiyo huandaliwa mapema: pandisha majike wawili siku moja. Mmoja akizaa 12 na mwenzake 4, mhamishie mwenzake baadhi ya wana, mradi tofauti ya umri isizidi siku 3. Wapake kwanza nyasi za sanduku jipya ili wanuke kama wenyeji.

Anayetaka mbegu bora na ushauri asiende mbali. Huko Ngong, katika kaunti hii yetu ya Kajiado, serikali imekuwa na kituo cha kuzalisha sungura.

MASWALI
1. Kwa nini jike hupelekwa kwa dume?
2. Jike amepandishwa tarehe 1 Machi. Sanduku liwekwe lini?
3. Umekuta vitungule 3 wameliwa. Taja mambo manne utakayochunguza kabla ya kushika kisu.