Kulala Ufuoni mwa Ziwa

Sisi wa Mkuyuni twalijua Ziwa Victoria mchana. Atakayepiga hema ufuoni hana budi kulijua na usiku. Kiboko hutoka majini gizani kula majani, kisha hurudi kwa njia yake ile ile. Basi tusilale penye njia hiyo, wala tusisimame kati yake na maji. Visiwani nako, kama Rubondo, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, wamo mamba: tusioge wala kuchota maji usiku. Tena kuchemsha maji ya kunywa hakutoshi, maana kichocho huingia kwa ngozi; tusikanyage maji yenye matete, wakaapo konokono. Walimu, wasomeeni vijana haya kabla hawajafunga mizigo.