Kupanda Mikoko na Kuitunza

Toka Vanga hata Kiunga, pwani ya Kenya ina miti iotayo katika maji ya chumvi. Watu wa bara huiita yote mikoko, lakini mwenyeji wa pwani huijua kila mmoja kwa jina lake: mkoko wenyewe, ambao mizizi yake husimama juu ya tope kama miguu mingi, tena mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi. Yafaa mtu ajifunze majina haya kabla ya kwenda kujitolea, kwa sababu kila mti una mahali pake.

Tutazame Gazi, kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, yapata kilomita 50 kusini ya Mombasa. Katika miaka ya 1970 miti mingi ya hapo ilikatwa iwe kuni za viwanda. Misitu ya mikoko ilikuwa imetangazwa kuwa ya Serikali tangu 1932, lakini tangazo peke yake halizuii shoka. Tope likabaki wazi, na mahali pengine miti haikurudi yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa utafiti wa bahari walianza kupanda tena pamoja na wanakijiji.

Sasa kazi yenyewe. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti mama, ikawa kama fimbo ndefu ya kijani. Usiivute kwa nguvu. Iliyokomaa huonyesha mkanda wa rangi ya manjano karibu na kichwa chake, nayo hutoka kwa kuguswa tu. Itupe yenye matundu ya wadudu. Ncha kali huingia topeni, na kichwa hukaa juu. Wageni wengi hupindua. Theluthi moja ya urefu wake yatosha kuzikwa, na kati ya mche na mche iwe mita moja hivi. Mbegu za mchu ni ndogo, basi hizo ni afadhali zioteshwe kwanza katika kitalu.

Lakini lililo kubwa kuliko hayo yote ni mahali. Mlilana hukaa mbele, ukielekea bahari. Mkoko hufuata nyuma yake. Mkandaa hupenda ardhi ya juu zaidi isiyofikiwa na maji kila siku. Mchu waweza kuonekana mbele na hata nyuma kabisa. Ukipanda mkoko katika mchanga ulio wazi mbele ya wote, mawimbi yataung'oa, au wadudu wa baharini wenye magamba wataushika shina hata ufe. Huko Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, watu walipanda kwa bidii nyingi, na katika sehemu kadhaa hakubaki hata mche mmoja. Mikono haikukosekana, palipokosewa ni uchaguzi wa mahali, na pia miche haikutunzwa.

Kwa hiyo kundi lipandalo siku moja, likapigwa picha, likaenda zake, halijamaliza kazi. Hapana budi watu warudi kuhesabu miche iliyo hai, kuondoa takataka zinazoilalia, kuwazuia mbuzi wasiile michu michanga, na kujaza mapengo.

Watu wa Gazi na jirani zao wa Makongeni wamedumu katika kazi hiyo. Tangu 2013 mpango wao uitwao Mikoko Pamoja umetunza hekta 117 za msitu, na kuuza nje hesabu ya hewa ya ukaa ambayo msitu huo huihifadhi. Fedha zimeleta maji na kusaidia shule. Tena walipanda mivinje nchi kavu, maana mtu ahitajiye boriti na kuni hawezi kuambiwa aache tu bila kupewa kitu kingine.

Atakaye kujiunga, na aanze kwa chama cha msitu cha kijiji chake na ofisi ya misitu, kwani ruhusa yao yahitajiwa. Siku za bamvua maji hupwa sana yapata saa nne asubuhi, na watu hupata muda mzuri wa kazi kabla hayajarudi. Vaa viatu vya kufungwa, kwa sababu ya chaza na vijiti vikali, na uchukue maji ya kunywa.